Asidi ya benzoiki inashuka kwenye bekingi soda, naftoli inagoma. Kwa nini?

mtoto_wa_maabara
Wakuu habari za jioni, naomba msaada maana kesho nakabidhi ripoti na sehemu ya majadiliano bado iko nyeupe kabisa. Tulipewa mchanganyiko wa asidi ya benzoiki, naftoli-2 na naftalini, vyote vimeyeyushwa kwenye etha, tukaambiwa tuvitenganishe. Tukatia kwenye faneli ya kutenganishia, tukamimina myeyusho wa bekingi soda, povu likatoka la kutosha, asidi ya benzoiki ikashuka kwenye maji. Baadaye tukaweka kostiki soda ndo naftoli nayo ikashuka. Naftalini imebaki juu kwenye etha haina habari na mtu. Sasa naftoli nayo si asidi jamani? Mbona kwenye bekingi soda ilikaa kimya? Na kama benzoiki ndo kali zaidi mbona kwenye maji matupu haiyeyuki, unakoroga mpaka mkono unachoka unga bado uko palepale

kipara_wa_mtaa
Asidi kali inayeyuka, dhaifu haiyeyuki. Andika hivyo uende ukalale.

TichaPipeti
Kipara usimpoteze mwenzio. Asidi ya asetiki, hii ya kwenye siki, pKa yake (kipimo cha ukali wa asidi, namba ikiwa ndogo asidi ni kali zaidi) ni 4.76, benzoiki ni 4.20, maana yake benzoiki ndo kali kidogo. Lakini asetiki inachanganyika na maji kwa kiasi chochote utakacho, benzoiki kwa nyuzi 25 lita nzima ya maji inabeba kama gramu 3.4 basi. Kwa hiyo ukali peke yake hauyeyushi kitu. Benzoiki ina pete ya kaboni sita ambayo haielewani na maji, na ile COOH moja, yaani kundi lenye uasidi, haina ubavu wa kuiburuta yote.

Kinachobadilisha mambo ni chaji. Ing'oe ile protoni, yaani H ya kwenye COOH, molekuli ibaki na chaji hasi, hapo unapata sodiamu benzoeti, na maji yaleyale lita moja yanabeba zaidi ya gramu 500, pete ni ileile haijaguswa! Ukali sasa ndo unaingia hapa, kwa sababu ndo unaoamua besi ipi (kitu kinachopokea protoni) itaweza kuing'oa hiyo protoni. Bekingi soda ikipokea protoni inakuwa asidi ya kaboniki, pKa kama 6.4. Benzoiki ni kali kuliko hiyo, inaachia protoni bila ubishi, asidi ya kaboniki inavunjika, gesi ya kaboni dioksaidi inatoka, ndo povu mliloliona (na ndo maana mnaambiwa mfungue koki kila mkitikisa, faneli ikiziba kwa presha kizibo kinaruka). Naftoli pKa yake ni 9.5, dhaifu kuliko kaboniki, kwa hiyo bekingi soda haiiwezi. Ukija na kostiki, protoni inaenda kutengeneza maji ambayo ni asidi dhaifu zaidi ya naftoli, hapo naftoli haina ujanja. Naftalini haina protoni ya kutoa kwa besi hizo, mwache akae na etha yake.

Ukitaka kumfurahisha msahihishaji weka namba. Myeyusho wa bekingi soda una pH kama 8.3. Toa 4.2, ile pKa ya benzoiki, inabaki 4.1, na kila tofauti ya 1 ni mara kumi, yaani kwa kila molekuli ya benzoiki iliyobaki nzima kuna zaidi ya 10,000 zenye chaji. Kwa naftoli ni kinyume, kwa kila moja yenye chaji kuna kama 16 ambazo hazina, na hizo zinaipenda etha kuliko maji.

mtoto_wa_maabara
Ticha ubarikiwe sana. Kwa hiyo naandika kwamba fenoli zote, hili kundi la naftoli, hazishuki kwenye bekingi soda?

TichaPipeti
Hapana, usiandike "zote". Asidi ya pikriki ni fenoli lakini ina vikundi vitatu vya naitro vinavyovuta elektroni, pKa imeshuka mpaka karibu 0.4, hiyo kwenye bekingi soda inatoa povu kama kawaida. Angalia pKa, usiangalie jina la ukoo.

dada_wa_viwandani
Niongezee kidogo, hii habari ndo kazi yangu ya kila siku kwenye vinywaji. Kinachozuia hamira na ukungu kwenye soda ni asidi ya benzoiki yenyewe, ile isiyo na chaji, ila ukiimwaga unga hivyo hivyo inakusumbua kuyeyuka. Ndo maana inawekwa kama sodiamu benzoeti, inayeyuka fasta, halafu kinywaji kikiwa na pH kama 3 sehemu kubwa inarudi kuwa asidi. Haigandi chini ya chupa kwa sababu kiasi ni kidogo, Marekani mwisho ni asilimia 0.1, yaani kama gramu 1 kwa lita.

juma_kemia
Samahani kudandia uzi, shuleni kwetu bekingi soda imeisha ila magadi yapo, naweza kutumia?

TichaPipeti
Juma, magadi kama haya ya Ziwa Natron yana kaboneti na baikaboneti pamoja, pH inafika kwenye 10. Hapo sehemu ya naftoli inaweza kushuka pamoja na benzoiki na utenganisho wenu hautakuwa safi. Nunueni pakiti ya bekingi soda dukani, bei yake ndogo.

mtoto_wa_maabara
La mwisho wakuu, kuirudisha benzoiki kutoka kwenye maji natia HCl (asidi ya haidrokloriki) mpaka lini?

dada_wa_viwandani
Tia taratibu maana povu linarudi tena, bekingi soda iliyobaki nayo inakula asidi. Endelea mpaka karatasi ya pH isome kama 2, usiridhike na ule weupe wa mwanzo, pH ikiwa 4, ya ile iliyobaki imeyeyuka kwenye maji zaidi ya theluthi bado ni ioni. Ukichuja osha kwa maji ya barafu machache, kwenye nyuzi 0 lita inabeba kama gramu 1.7 tu, ukiosha kwa maji ya uvuguvugu sehemu ya mavuno yako utaimwaga kwenye sinki.