Mrejesho: kundi la WhatsApp la waliotoka wodi ya majeraha ya moto

Asanteni sana wadau. Niliuliza jinsi ya kuwafuatilia kwa simu wagonjwa wa moto wanaorudi mitaa ya Nairobi kama Mathare, Kayole na Kawangware, maana nauli ya kliniki huwashinda wengi.

Ushauri wa kutumia sauti badala ya maandishi umefaa kuliko yote. Tunatuma video zenye maelezo ya sauti: kila video ina zoezi moja, haizidi dakika moja, na tunaipunguza ukubwa isimalize bando. Maelezo ni ya Kiswahili: nyoosha kiwiko taratibu hadi kovu likaze na kupauka, shikilia sekunde 30, rudia mara 5, asubuhi, mchana na jioni. Kusugua kwa mafuta yasiyo na manukato ni kwa kovu lililofunga kabisa tu. Picha za vidonda haziwekwi kundini. Zinatumwa kwa mhudumu mmoja, za watoto kwa idhini ya mzazi. Sasa wasimamizi pekee ndio wanaoandika, kwani wauzaji wa dawa za kuondoa makovu walishaingia (hawakosekani!).

Kilichofeli ni kukumbusha watu kuvaa nguo za kubana, yaani nguo maalum zinazobana kovu lisivimbe. Zinatakiwa kuvaliwa takriban saa 23 kwa siku, lakini kukumbusha hakupunguzi joto la nyumba ya mabati, na mwenye nguo moja akiifua hana ya kubadilisha. Hapo dawa ni nguo ya pili, si ujumbe mwingine.

Wasio na simu janja tunawapigia. Mwenye homa, usaha au harufu kwenye kidonda haulizi kundini, anakuja hospitali siku hiyo hiyo.