Eti "pua yako imezeeka": fundi wa laptop kaniharibia Peugeot 504 na bado kanitukana

Mwana504:
Wakuu, nimetoka gereji sasa hivi, hasira iko hapa kooni, kwa hiyo nikikosea herufi mnivumilie. Mods msiunganishe huu uzi na ule wa spea feki.

Simtaji. Wana Arusha mnamjua. Yule wa ovaroli nyeupe isiyowahi kuona oili, aliyenunua mashine ya kupima oksijeni kwenye ekzosi na sasa hapokei simu mpaka umwite "injinia". Huyo huyo.

Nina Peugeot 504 ya 1978, kabureta Solex, niliinunua Tanga. Shida ilikuwa ndogo: kwenye sailensa, yaani injini inanguruma bila kukanyagwa mafuta, inanuka petroli, na inakunywa kuliko mwenye gari. Nikampelekea nikijua atachomelea nati kwenye bomba karibu na manifoldi, afunge sensa ya hiyo mashine pale kama watu wenye akili. Yeye kaifunga kwa waya kwenye mdomo wa ekzosi. Huku nyuma! Chini ya bampa! Kavuta kiti, kafungua laptop, kasoma: 17.8. "Mzee, gari yako inakosa petroli. Tunataka 14.7."

Nikamwambia kijana, nanusa petroli mpaka machozi yananitoka, itakosaje? Ndipo akalitoa tusi. Mbele ya wateja. Mbele ya dada wa chapati. "Mashine haidanganyi, mzee. Pua yako ndiyo imezeeka."

PUA YANGU. IMEZEEKA. Nina miaka 43!

Halafu kachomoa jeti kuu, kile kipande cha kabureta chenye kitundu cha kupitisha petroli, kapitisha biti ya drili. Drili wakuu! Kitundu cha jeti kinapimwa kwa sehemu ya mia ya milimita, yeye kakitoboa kama anatundika kalenda. Kila akipanua, laptop inasema bado. Moshi mweusi ukafunga mtaa, msikiti wa jirani nusura waadhini Magharibi saa nane mchana. Nikachomoa plagi nikamwonyesha: masizi meusi, laini, ukigusa yanabaki kidoleni. Kaangalia kidole changu, kaangalia laptop, kachagua laptop.

Hoja sina wakuu. Nina pua tu, na pua hii inajua maziwa yaliyochacha kabla mfuko haujafunguliwa. Imezeeka!

Chuma_Chakavu:
Pole sana mkuu. Ila miaka 43 na unaendesha 504, hata mimi ningekuamkia.

Kijiwe_Nongwa:
Weka picha. Bila picha hii ni chai.

Chapati_Mbili:
Nilikuwepo napata supu. Mzee alikuwa anatukana huku anapiga chafya, tusi la tatu halikusikika. Hilo la pua ni kweli alisema, tulicheka sana.

Mgeni_Jamvini:
Samahani wakuu, 14.7 ni nini? Maelfu?

FundiWaZamani:
Kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli, hapo vyote vinaungua bila kubaki. Namba ikipanda, petroli pungufu. Ikishuka, imezidi. Na si msahafu: ukikanyaga mafuta kupandisha mlima unataka 12.5 mpaka 13.

Sasa injinia wetu. Injini ikiwa sailensa, mdomo wa ekzosi unavuta hewa ya nje kila moshi ukipungua nguvu, kwa hiyo sensa ilikuwa inapima Arusha, haipimi injini. Bomba likiwa na tundu ni vile vile. Na gari ikimisi ndiyo balaa: silinda isiyowaka inatoa oksijeni yake yote, sensa inalia petroli haitoshi hata kama umemwaga debe. Mimi sensa ninayo na naipenda, ila kwanza naweka sawa pointi za kuwashia cheche, plagi na gasketi, ndipo naiwasha.

Halafu jeti zenyewe ni za Tanga! Huku tupo kama mita 1,400 juu ya bahari, hewa nyepesi, jeti ya pwani inazidisha petroli bila kuguswa. Alitakiwa aweke ndogo. Yeye katoboa.

Mwana504:
Na bado akasema IMEZEEKA.

LandaRova_Mbovu:
Mimi huyo huyo aliniuliza tundu la kuchomeka mashine liko wapi. Land Rover ya 1974! Tundu zenyewe za OBD-II hata Marekani zimekuwa lazima kuanzia magari ya 1996. Nikamwonyesha tundu la sigara. Akachomeka. Akasema "inasoma".

Kijiwe_Nongwa:
😂😂 Hii sasa siyo chai, ni chai na maandazi.

PetroliMaji:
Mnalia na mafundi, vituo je? Nimejaza juzi, injini inagonga mpaka mtoto kaniuliza nani anabisha hodi. Mkichanganyiwa mafuta ya taa, sensa gani itawaokoa?

Wa_Nairobi:
Huku 504 tunarekebisha na sikio na bisibisi. Hii gari ilishinda Safari Rally 1975 na 1978, na hakuna laptop iliyoonekana.

Datsun_Damu:
Ya 1978 ilikuwa coupé ya milango miwili, injini V6 ya silinda sita, haina undugu na hiyo teksi ya mkuu. Na kuanzia 1979 mpaka 1982 ni Datsun tupu, dereva Shekhar Mehta, mara nne mfululizo. Kaeni kimya.

Wa_Nairobi:
504 imebeba abiria, mbuzi na magunia ya viazi miaka yote hiyo. Datsun yako ilibeba kikombe.

Datsun_Damu:
Vikombe. Vinne.

PetroliMaji:
Hakuna anayejibu suala la mafuta ya taa naona.

Mgeni_Jamvini:
Kwani Peugeot siyo ya Japani?

Wa_Nairobi:
Mods, mfungieni huyu.

Mwana504:
Wakuu turudi kwenye mada. Sijawaambia la mwisho. Kanidai laki moja na nusu, "uchunguzi wa kisasa". Nimelipia kutukanwa pua, na gari nimeivuta kwa kamba mpaka nyumbani.

Chuma_Chakavu:
@Datsun_Damu nina Datsun 160J nyuma ya nyumba. Kadi ipo, injini ipo ila haijawaka muda, kuku wametagia siti ya nyuma. Njoo PM.

Datsun_Damu:
Bei? Na sakafu ina kutu?

Chuma_Chakavu:
Sakafu ipi?

Mwana504:
Kabureta ipo?