Mrejesho: Heidelberg, nililala kama mlivyoshauri

Wakuu, nimerudi salama. Mwezi uliopita niliuliza kama Heidelberg, ule mji wa Ujerumani wenye kasri la kale, naweza kuimaliza kwa siku moja nikitokea Frankfurt, au nilale. Wengi mlisema nilale. Asanteni sana.

Treni ni kama saa moja tu. Kwenye kasri nilipanda kwa kitreni cha mlimani. Tiketi ni hiyohiyo hadi uani na kwenye lile pipa kubwa la mvinyo lililotengenezwa 1751, linalobeba lita kama 220,000. Pipa lina ngazi, watu wanapanda juu yake!

Kosa langu lilikuwa viatu. Schlangenweg, kile kinjia cha mawe kinachojipinda kutoka ng'ambo ya Daraja la Kale kwenda Philosophenweg, njia ya matembezi ubavuni mwa mlima, nilikipanda na raba zilizoisha soli, mvua ndiyo kwanza imekatika. Nilitambaa na ukuta kama mzee wa miaka tisini. Ila kufika juu jioni, kasri jekundu linawaka jua na mto Neckar umetulia chini yake, nikaelewa kwa nini mlinikatalia kugeuza siku hiyohiyo.

Ile sanamu ya nyani wa shaba aliyeshika kioo pale darajani, nimemgusa kioo chake. Wanasema kinaleta pesa. Bado nasubiri.