Ulinganisho: kamba, stata ya umeme, au kuiondoa kabisa injini ndogo ya kuwashia?

Mkulima_wa_Jioni
Habari zenu, ndugu wanachama. Nina trekta kuukuu la dizeli linalowashwa kwa injini ndogo ya petroli, na injini hiyo ndogo yenyewe huwashwa kwa kuvutwa kamba. Bega langu halikubali tena mazoezi hayo. Fundi amenipa bei za kazi tatu: kuifumua magneto (kifaa kinachotengeneza umeme wa cheche bila betri) na kuendelea na kamba, kuifungia injini ndogo stata ya umeme, au kuiondoa injini ndogo kabisa na kufunga stata ya volti 24 itakayozungusha dizeli moja kwa moja. Ninyi mngechukua ipi? Anataka jibu kabla ya mwisho wa juma.

Fundi_Cheche
Ndugu, umetutajia kazi tatu bila kututajia mgonjwa. Ni trekta gani? Injini ndogo inawaka kwa taabu ikiwa baridi, au hata ikiwa imeshapata moto? Ukizungusha flaiwili (lile gurudumu zito la injini) polepole kwa mkono, magneto inatoa mlio wa "ta!" au iko kimya? Mpaka tupate majibu hayo, kila atakayekushauri hapa atakuwa anakushauri juu ya trekta lake mwenyewe.

MzeeDizeli
Mimi sihitaji majibu hayo. Ondoa kile kijinjini. Hata John Deere wenyewe walipofika kwenye 730 na 830 walimruhusu mnunuzi achague stata ya volti 24 badala ya injini ya petroli. Kwa nini utunze injini mbili, kabureta na tangi la pili la mafuta, ili kuliwasha trekta moja tu?

Bi_Rutuba
Shikamoo, Mzee. Kwa heshima zote, injini ndogo haizungushi tu. Kwenye Caterpillar, maji yanayoipoza ndiyo hayo hayo yanayozunguka kwenye dizeli, na moshi wake unapita karibu na njia ya hewa ya dizeli na kuipasha joto. Ukiachia mgandamizo wa dizeli na kuiacha injini ndogo izungushe kwa dakika kadhaa, oili inapanda na presha inaonekana kwenye geji kabla dizeli haijalipuka hata mara moja. Stata ya volti 24 haiwezi kukupa dakika hizo; itachemka, na betri zitakwisha. Mahali penye baridi, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama trekta litawaka au halitawaka.

Mkulima_wa_Jioni
Samahani kwa kutotaja. Ni Caterpillar D2, toleo la 5U. Inasumbua zaidi ikiwa baridi, na mara nyingine inarudisha teke na kuninyang'anya kamba. Mlio sijausikiliza.

Kamba_Ngumu
Hapo kwenye teke ndipo ninapotaka kusema kwa kirefu, maana jambo hili limewahi kunigusa. Niliipeleka magneto yangu kwenye karakana moja, ambayo siitaji, ikarudi imepakwa rangi nzuri kuliko trekta lenyewe. Cheche zilikuwa kali na za buluu, nikafurahi. Siku ya kwanza ya kuvuta, injini ilirudi nyuma kwa nguvu nisiyoitarajia, kamba ikachomoka mkononi na kile kishikio cha mti kikapita karibu na sikio langu kikagonga bati la injini. Nilidhani ni taimingi, nikaipanga upya kwa alama za flaiwili, lakini teke likaendelea. Karakana ikanijibu kwa simu kwamba navuta vibaya. Mwishowe fundi mwingine aliifungua mbele yangu na kunionyesha kwamba kiunganishi cha impalsi, yaani kile chenye springi kati ya magneto na gia yake, kilikuwa kimefungwa na vile vidole vyake viwili vimegandishwa na grisi nzito. Kazi ya vidole hivyo ni kuishika magneto kwa kitambo pistoni inapopanda, kisha kuiachia kwa ghafla, ili cheche itoke kwa kuchelewa na kwa nguvu. Vikiganda, cheche inatoka mapema kana kwamba injini iko kwenye mwendo kasi, pistoni inasukumwa chini kabla haijafika juu, na kamba inakwenda inakotaka yenyewe. Karakana haikunirudishia hata senti moja. Kwa hiyo, ndugu, kabla ya kununua chochote, sikiliza ule mlio alioutaja Fundi_Cheche. Na kamwe usizungushe kamba kwenye kiganja. Shika kishikio tu, kiasi kwamba unaweza kukiachia.

Fundi_Cheche
Umeyasema yote. Naongeza kwamba stata ya umeme haiponyi teke. Stata itakuwa inalipokea teke hilo kwa meno yake badala ya bega lako, na meno hayo hayachelewi kuvunjika.

Bi_Rutuba
Mimi nina John Deere 820, ambayo injini yake ndogo ni ya silinda nne za V na huwashwa kwa stata ya volti 6. Watu wanaitukana volti 6 bila sababu. Kwa nguvu ile ile, volti 6 inadai mkondo mara mbili ya volti 12, hivyo waya mwembamba uliotolewa kwenye gari dogo utaifanya stata izunguke kwa kusuasua. Weka waya nene, safisha mahali waya wa asi unapofungwa kwenye chuma cha trekta mpaka king'ae, na utashangaa.

MzeeDizeli
Marahaba, Bi Rutuba. Basi apeleke volti 12 kwenye stata ya volti 6, jambo ambalo wengi hufanya.

Bi_Rutuba
Hufanya, na wengine hupona kwa sababu wanaibonyeza kwa sekunde chache. Lakini gia inaingia kwa kishindo, na kama moto haujashika upesi, stata inaungua.

Kamba_Ngumu
Waliotengeneza trekta la Kisovieti la DT-75 walifunga injini ndogo ya PD-10 yenye silinda moja na mipigo miwili, inayoweza kuwashwa kwa kamba. Nimewahi kuitumia. Petroli yake huchanganywa na oili, sehemu 15 kwa 1, na asiyejua hilo huiua mapema.

MzeeDizeli
International Harvester waliukwepa ugomvi huu wote tangu trekta lao la WD-40 la miaka ya 1930. Injini ile ile kubwa inaanza kwa petroli, ikiwa na plagi na kabureta, kisha unaigeuza iwe dizeli. Hakuna kijinjini wala kamba.

Fundi_Cheche
Na vichwa vya silinda vya ukoo huo vinajulikana kwa kupasuka, Mzee, kwa sababu vimebeba vali na vyumba vya ziada vya kuanzia. Lakini tumrudie mwenye D2. Ndugu, umepima oili ya injini ndogo? Sindano ya kabureta ikivuja, petroli hushuka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) usiku kucha, oili inakuwa nyembamba na beringi za konrodi zinaharibika. Kijiti kikionyesha oili imepanda juu ya alama, inuse.

Mkulima_wa_Jioni
Nimetoka kuangalia. Oili imepanda na inanuka petroli. Nimezungusha flaiwili polepole, na magneto iko kimya kabisa.

MzeeDizeli
Unaona sasa? Iondoe.

Kamba_Ngumu
Asiiondoe. Hayo ni magonjwa mawili, na yote yanatibika kwa bei ndogo kuliko hiyo stata ya volti 24.

Fundi_Cheche
Mwaga oili hiyo leo, na usiivute kamba tena mpaka uibadilishe. Badilisha sindano na kiti chake, na tangu sasa uwe unafunga koki ya petroli na kuiacha injini ndogo imalize iliyomo kwenye bakuli la kabureta, badala ya kuizima kwa swichi. Kisha chomoa plagi zote, itoe magneto, loweka vidole vya impalsi kwenye mafuta ya taa, na uizungushe kwa vidole vyako mpaka usikie ule mlio. Pengo la pointi (vile visahani vinavyokata umeme ndani ya magneto) kwa nyingi za aina hiyo huwa karibu milimita 0.38. Ukiona springi imekatika, niandikie kabla ya kununua nyingine, kwa maana kuna za kuzunguka kulia na za kuzunguka kushoto.

Mkulima_wa_Jioni
Nashukuru. Na stata ya umeme je?

Bi_Rutuba
Kwa bega hilo, bado ningeifunga, baada ya mlio kurudi.

Kamba_Ngumu
Mimi nisingeifunga. Impalsi ikiwa nzima, kamba haihitaji nguvu za bega.