Mrejesho: Alama za maoni ya magari na tatizo la wastani

Niliuliza kwa nini gari lenye maoni 2 tu ya nyota 5 lilitangulia, kwenye orodha iliyopangwa kwa wastani wa alama, lile lenye wastani wa 4.4 kutoka kwa wamiliki 300, nanyi mkanishauri nichore kwanza mtawanyiko wa alama, yaani kila alama imetolewa mara ngapi. Nawashukuru kwa dhati: alama zimerundikana kwenye 5 na 1, kwa kuwa aliyeridhika kiasi huwa haandiki. Kisha, kama mlivyoelekeza, nililiongezea kila gari kura 20 za kinadharia zenye wastani wa magari yote, yaani 4.0, la kwanza likashuka hadi 4.09, ilhali la pili, likiwa na ushahidi wa kutosha, lilibaki 4.38 na kushika nafasi linayostahili. Sasa ninatenganisha matoleo kwa mwaka, maana injini ikibadilishwa, maoni ya zamani hayalihusu tena gari lilelile.