Tundra ya toleo jipya: waliokaa nayo wanaionaje?

Swali: Ndugu zangu mlioko Marekani, ninataka kununua pikapu ya Toyota Tundra ya mwaka 2022 iliyotumika, ile ambayo injini ya V8 (silinda nane) ya lita 5.7 iliondolewa ikawekwa V6 (silinda sita) yenye turbo mbili. Ninavuta trela kila wiki. Je, inastahimili?

Jibu: Ndugu, anza na namba ya chesisi, ambayo unaweza kuikagua bure katika tovuti ya NHTSA, shirika la serikali ya Marekani la usalama barabarani. Mwaka 2024 Toyota iliyaita magari takriban 102,000 yarudishwe kwa sababu ya hitilafu, zikiwemo Tundra za 2022 na 2023, kwa kuwa mabaki ya chuma ya kiwandani yangeweza kubaki ndani ya injini na kuharibu beringi zake, hata gari likazimika barabarani. Muuzaji asipokuonyesha karatasi za matengenezo, achana naye, hata bei iwe nafuu namna gani.

Jibu: Yangu imetembea maili 61,000 na haijanilaza njiani hata siku moja. Ninabadilisha oili kila maili 5,000, na asubuhi za baridi ninaiwasha boneti ikiwa wazi, nikisikiliza kama kuna mgongano wowote chini ya injini.

Aliyeuliza: Nashukuru sana. Kesho nitaomba namba hiyo kabla ya kuijaribu barabarani.