Mwanamieleka huru akivunjika shingo, nani alipe?

Mleta mada:

Wakuu, nianze na kisa, swali litafuata.

Mei 2017, Osaka. Yoshihiro Takayama, jitu la ulingoni lililopambana na karibu kila mbabe wa Japani, alifanya mtindo ambao wanagenzi hufundishwa mapema kabisa: kumrukia mpinzani kwa juu, kumkamata kiunoni na kumvuta chini. Akatua vibaya. Akapooza kuanzia shingoni kushuka chini.

Takayama hakuwa mwajiriwa wa mtu. Alikuwa huru, leo anaitwa na kampuni hii, wiki ijayo na ile. Kwa hiyo alipolala hospitali, waliobeba mzigo ni wenzake. Walianzisha mfuko wakauita Takayamania, wakauza fulana, wakaandaa maonyesho ya kumchangia. Septemba 2024, miaka saba baadaye, rafiki yake Minoru Suzuki alikuwa bado anapanda ulingoni kwa ajili hiyo, akasimama mbele ya kiti cha magurudumu cha Takayama na kumchokoza kama vile pambano linaanza. Ukumbi mzima ulilia. Mimi niliguswa, kisha nikakasirika, kwa sababu kazi ile haikupaswa kuwa ya Suzuki.

Swali sasa: je, sheria imlazimishe promota kumkatia bima ya kuumia kila anayepanda ulingoni mwake, hata kama ni wa usiku mmoja tu? Mimi nasema ndiyo. Pasipo bima, kengele isigongwe.

Najua nitaambiwa hawa ni watu waliojiajiri. Tuliangalie hilo neno "huru" basi. Nauli ni yake, mavazi yake, mazoezi yake, daktari wake. Marekani mwajiriwa hukatwa asilimia 7.65 ya mshahara kwa ajili ya pensheni na matibabu ya uzeeni, na mwajiri huweka kiasi kama hicho. Aliyejiajiri huzibeba zote mbili peke yake, asilimia 15.3. Upande wa pili, kwenye mieleka hii ya maonyesho nani anaamua mshindi kabla ya pambano? Promota. Dakika ngapi? Promota. Nani aangukie meza? Promota. Mtu anayepangiwa mpaka namna ya kuanguka, uhuru wake uko wapi?

Karibuni.

KambaYaJuu:

Mkuu, umeanza na msiba, ndiyo maana hoja inaonekana nzito kuliko ilivyo. Ondoa machozi tuone kinachobaki.

Unayemzungumzia kama "promota" unamwona na suti na sigara. Wengi wao ni watu wenye kazi nyingine mchana. Wanakodi ukumbi wa watu mia, wanakodi ulingo, tiketi zikirudisha kodi ya ukumbi wanashukuru Mungu. Wanamieleka wenyewe wana utani wa zamani kwamba malipo ni soseji moja na kupeana mkono. Mpe huyo sharti la bima uone. Bima haleti, anafunga, au anahamia kwenye ghala la mtu usiku bila tangazo, ambako hata sanduku la huduma ya kwanza halipo.

Na kumbi hizo zikifa, mabingwa watatoka wapi? Bryan Danielson alikuwa kwenye onyesho la kwanza kabisa la Ring of Honor, kampuni ndogo ya mieleka Marekani, mwaka 2002, kwenye vumbi huko, miaka mingi kabla dunia haijamjua. Mwaka 2014 akatwaa ubingwa WrestleMania, onyesho kubwa la kila mwaka la WWE, kampuni kubwa kuliko zote ya mieleka Marekani, mbele ya uwanja mzima. Cody Rhodes yeye aliomba kuondoka WWE mwaka 2016, akazunguka kwenye kumbi ndogo, na tarehe 1 Septemba 2018 yeye na wenzake wakaandaa onyesho lao, All In, karibu na Chicago. Tiketi zaidi ya elfu kumi zilikwisha ndani ya nusu saa hivi. Sheria gani ilimbeba? Alibebwa na jina lake, fulana zake, na tarehe alizojipangia mwenyewe.

Ukitaka kuona asiye huru, nenda juu kabisa. WWE kwenye karatasi inawaita wanamieleka wake wakandarasi huru, lakini Septemba 2020 ikawaamuru waache kuchuma kwenye majukwaa ya mtandaoni kama Twitch na Cameo. Huyo ndiye wa kumhurumia. Yule wa ukumbi mdogo akiudhiwa, kesho anapigia simu promota mwingine.

Mleta mada:

KambaYaJuu, umemtaja Danielson kwa faida yangu. Februari 2016 alipolazimika kustaafu (alirudi baadaye, 2018), alisimama ulingoni akasema alianza mieleka akiwa na miaka 18, na ndani ya miezi mitano ya kwanza alikuwa tayari amepata mitikisiko mitatu ya ubongo. Miezi mitano! WWE ilikuwa bado mbali. Wewe unaziita kumbi ndogo shule, na ni kweli, lakini bili ya shule hiyo ilikuja kulipwa na kichwa chake.

Cody naye ni mtoto wa Dusty Rhodes, mwanamieleka maarufu wa zamani. Alipotoka alitoka na jina ambalo baba alishalijenga, na miaka kadhaa ya televisheni juu yake. Usimpe kijana asiyejulikana na mtu kuwa ndiyo kipimo.

Mpita njia:

Jamani, si wanaigiza hawa? Bima ya maigizo?

Fundi Ulingo:

Mpita njia, mimi nafunga na kufungua ulingo, nikueleze ulivyo. Chini kuna mihimili ya chuma. Juu yake mbao. Juu ya mbao sponji, nyembamba, halafu turubai limekazwa. Basi. Anayeangukia mgongo pale anaangukia mbao, na anafanya hivyo mara kumi, kumi na tano kwa usiku. Mshindi kapangwa, hilo halina ubishi. Sakafu haijui kama kapangwa.

Mitsuharu Misawa alikufa Hiroshima Juni 2009 baada ya kubebwa na kutupwa kwa nyuma, mtindo ambao alikuwa ameupokea mara zisizohesabika. Yeye alikuwa ndiye rais wa kampuni yake.

Sasa niseme jambo ambalo nyote mmelipita. Mnazungumzia bima kama pesa ya baada ya ajali. Mimi naitaka kwa sababu ya kabla. Kampuni ya bima haitoi karatasi bila kutuma mtu wa kukagua. Siku hiyo kwa mara ya kwanza mtu asiye rafiki wa promota ataingia chini ya ulingo na tochi. Niliwahi kuona ubao umepasuka, saa mbili kabla ya onyesho. Nikamwambia mwenye onyesho. Akasema funika, tutabadilisha baada ya leo. Nilifunika. Sijivunii hilo, nilihitaji kazi.

Dada wa Kona:

Kaka Fundi, asante kwa ukweli huo. Na kuhusu maigizo niongeze tu kwamba mwaka 1989 kampuni ya McMahon yenyewe, hiyo tunayoiita WWE leo, ilikiri mbele ya Seneti ya New Jersey kuwa mieleka ni burudani, ili itoke chini ya tume ya michezo na kodi yake. Ikiwa mchezo, ingesimamiwa na tume. Ikiwa sanaa, ingepaswa kukaa meza moja na chama cha waigizaji. Wakubwa wamejenga nyumba kwenye mpaka, kila mkaguzi akija wanamwonyesha mlango wa upande mwingine.

Lakini mleta mada, bima yako inalinda shingo tu. Juni 2020 wanawake wengi, Uingereza hasa, walijitokeza kusimulia unyanyasaji waliofanyiwa kwenye vilabu na shule za mieleka. Kundi la wabunge likachunguza hali ya mieleka nchini humo, likatoa ripoti Aprili 2021. Walipendekeza maonyesho yahesabiwe kama sanaa ya jukwaani na shule za mazoezi zihesabiwe kama michezo, ili walau watoto na wanafunzi wawe chini ya kanuni za ulinzi zinazojulikana.

Kwa mwanafunzi wa kike hatari inaanzia kabla ya kengele. Anayemfundisha ndiye promota, promota ndiye anayepanga nani apande Jumamosi, na Jumamosi usipopangwa huna jina. Binti huyo atamshitakia nani? Ndiyo maana ningeanza na leseni ya mwalimu kabla ya bima ya mpiganaji.

Na msiniambie leseni inatosha. Meksiko mwanamieleka hufanya mtihani mbele ya tume ndipo apewe kibali. Bado Machi 2015, Tijuana, Perro Aguayo Jr. alipigwa, akaangukia kamba, akabaki pale amelegea, na pambano likaendelea kwa muda wenzake wakidhani anafanya kazi yake. Alikufa. Hii ndiyo kazi pekee ninayoijua ambayo mtu anaumia kweli na watu wanamsifu kwa kuigiza vizuri.

Wakili Mstaafu:

Kisheria, kwa kifupi. Mwaka 2008 Scott Levy (mnamjua kama Raven), Chris Kanyon na Mike Sanders waliishitaki WWE wakitaka watambuliwe kuwa walikuwa wafanyakazi. Kesi ikatupwa. California nayo ilileta sheria iliyoanza Januari 2020: kampuni ndiyo inayopaswa kuthibitisha kwamba mtu ni mkandarasi, na mojawapo ya vipimo ni kwamba kazi anayofanya iwe nje ya shughuli ya kawaida ya kampuni hiyo. Promota wa mieleka anayesema mieleka si shughuli yake ya kawaida, ningependa kuwepo mahakamani nimsikilize.

Ila kipimo hicho hakichagui mkubwa na mdogo. KambaYaJuu ana hoja hapo. Mleta mada yuko salama zaidi akidai bima peke yake bila kugusa suala la ajira.

KambaYaJuu:

Asante mzee wangu. Dada wa Kona, la mwalimu nakubali lote, sina neno.

Turudi kwenye pesa. Kwa nini wanamieleka wasijipange wenyewe? Jesse Ventura, mwanamieleka wa kampuni hiyo ya McMahon, alijaribu mwaka 1986, akawaambia wenzake wakati WrestleMania ya pili inakaribia kwamba waunde chama. Habari zikafika kwa bosi. Miaka baadaye, kwenye kesi yake dhidi ya kampuni, ndipo akajua aliyezipeleka ni Hulk Hogan, nyota aliyekuwa analipwa kuliko wote. Sasa kama wao kwa wao wanachomana, serikali iwafanyie nini? Cauliflower Alley Club ipo tangu 1965, inawasaidia wakongwe walioanguka. Ikuzwe hiyo, kila mtu aweke kidogo kwenye kila malipo.

Mleta mada:

Kila malipo yapi, mkuu? Soseji ni yako hiyo.

Na huyo Ventura anaonyesha kwa nini isiachwe mikononi mwao. Mwaka 2020, Novemba, Zelina Vega, mwanamieleka wa WWE, aliandika kwamba anaunga mkono chama cha wafanyakazi, na siku ile ile kampuni ikatangaza kuachana naye. Sisemi moja lilizaa lingine. Nasema kijana wa ukumbi mdogo aliyeona hilo amejifunza kunyamaza.

Nakubali marekebisho ya Wakili, ajira naiweka kando. Nakubali pia kwamba dada kanizidi, leseni ya mwalimu iende sambamba. Kwa hao wadogo, bima iwe ya onyesho moja moja, iunganishwe na kodi ya ukumbi: mwenye ukumbi asitoe ufunguo mpaka aone karatasi. Promota asiyeweza kupandisha tiketi kidogo tu ili kijana asivunjike bure, huyo akifunga sitalia.

KambaYaJuu:

Wewe hutalia. Kijana aliyekuwa apande Jumamosi hiyo atalia, tena yeye ndiye unayemtetea. Ya ufunguo wa ukumbi lakini ni wazo zuri kuliko lile la kwanza, nitalifikiria.

Fundi, ule ubao uliishia wapi?

Fundi Ulingo:

Ulibadilishwa wiki tatu baadaye. Usiku ule kijana mmoja aliangukia palepale, mlio ukasikika mpaka viti vya nyuma, watu wakashangilia. Hakuvunjika, aliteguka bega. Alidhani kosa ni lake, kwamba ameanguka vibaya. Baada ya onyesho nilimkuta ameshika barafu begani, anamwomba promota radhi.

Sikumwambia.